Pikipiki ya koperativi iliyolala: usipige kiki kwanza



Tuanze na ile yenye niliona kwa macho yangu, katika milima ya Kalehe, upande wa ziwa Kivu. Koperativi ya kule inanunua kahawa ya matunda kwa wanamemba wake na kuipeleka ku stasio ya kuosha. Iko na pikipiki moja, TVS. Wakati watu walikimbia, kijana wa depo aliisukuma nyuma ya magunia, akaifunika na shitingi, akakimbia na wengine. Walirudi, wakaikuta pale pale. Ilikuwa imelala miezi 14.

Mavuno yalikuwa yanakaribia. Ninyi wenye kulima kahawa munajua: tunda lenye lilichumwa asubuhi linaomba kupita ku mashini siku ile ile. Likilala ndani ya gunia, linaanza kuchacha na bei inaanguka. Ile pikipiki ndiyo ilikuwa inabeba mununuzi wa koperativi, mizani yake na feza yake, toka kijiji mpaka kijiji. Bila pikipiki anafika kwa miguu, amechelewa, na mwanamemba mwenye kukata tamaa anauzisha kwa mchuuzi wa njiani kwa bei ya mchuuzi.

Fundi mmoja wa senta aliitwa. Alipiga kiki mara 30, akafuta jasho, akasema karburateri imekufa, na motere inaomba kufunguliwa yote. Dola 160. Komite ikakaa. Muzee mmoja akasema: "Hii moto ilishakufa, tuiuzishe vipande." Mama Prezida akajibu: "Muzee, mbele ya kuzika maiti, tuangalie kwanza kama hapumui."

Tuliangalia siku mbili. Nitasema mwishoni tulikuta nini. Kwanza kazi yenyewe, sababu karibu pikipiki zote zenye kulala zinaumwa magonjwa yale yale, na nyingi zinapona bila kununua karburateri.

Itoeni nje kwanza

Kazi hii haifanywi ndani ya depo. Sababu ya kwanza ni moto. Kwetu pikipiki tunaiita moto, na siku ya kuifungua jina lile linakuwa la kweli kabisa. Harufu ya esansi inatembea chini kama maji, inaweza kufika ku mbabula yenye iko metre kadhaa mbali, na kurudi na miali. Kwa hiyo: nje, mchana, bila sigara, bila buji ya kuwasha, bila taa ya petroli. Kama ni lazima kuangalia ndani ya rezervuari, tumieni torshi. Ndoo ya mchanga ikae karibu. Maji hayazimi moto wa esansi, yanausambaza.

Sababu ya pili inagusa feza yenu. Kahawa inavuta harufu. Gunia la kahawa ya parshi lenye limekaa mwezi mmoja kando ya bidoni ya esansi linaweza kuonekana safi, zito, kavu vizuri, lakini siku ya kuonja wanunuzi wanaikataa, na hakuna jua yenye inaondoa harufu ile. Nimeona depo nyingi ambamo pikipiki, bidoni na kahawa vinalala chumba kimoja kama ndugu. Siyo ndugu.

Juu ya nini kiki ingoje

Kila mutu mwenye anaona pikipiki iliyolala anataka kupanda na kupiga kiki. Hata mimi. Miaka mingi nyuma, kijana wa kazi, nilikuta pikipiki yenye ilikaa misimu miwili ya mvua chini ya muembe. Kiki ilikuwa ngumu. Sikujiuliza. Niliita vijana wanne, tukaisukuma kwenye mtelemko, nikaingiza vitesi ya pili na kuachilia ambreyaji. Motere ilizunguka, ndiyo. Ilizunguka pia na kutu yenye ilishika pete za pistoni ndani ya silinda. Pete moja ilikatika, ikakwaruza silinda tangu juu mpaka chini. Kwa kuokoa nusu siku nilipoteza motere nzima.

Pikipiki yenye ililala, mafuta yote ya juu yametelemka chini. Pistoni ni kavu. Ukipiga kiki kwa nguvu, chuma inasugua chuma. Tena, ukiwa na bahati mbaya ikawaka kidogo, motere inavuta uchafu wote wa karburateri na viota vyote vya filitre ndani yake.

Kwa hiyo ondoeni kiti na kifuniko cha filitre ya hewa, muangalie. Panya anapenda sana pale: ni pakavu, ni pa giza, na filitre ya sifongo ni godoro ya bure. Angalieni pia kama panya amekula nyaya za umeme. Kisha bomba ya moshi. Nyigu wanajenga udongo ndani, na motere yenye haiwezi kutoa moshi haiwezi kuwaka. Ingizeni kijiti taratibu. Filitre ya sifongo inaoshwa na maji ya vuguvugu na sabuni, inakamuliwa bila kuipindapinda, inakaushwa kivulini, kisha inapakwa matone ya mafuta ya motere na kukamuliwa tena. Kama ni ya karatasi, inapigwapigwa kidogo tu. Ikishakuliwa au kuloana, inanunuliwa mpya. Kuendesha bila filitre "kwa leo tu" ni kumlisha motere vumbi ya barabara zetu, na munazijua barabara zetu.

Esansi ya zamani

Hapa ndipo ugonjwa mkubwa unakaa, nami nitakaa hapa pia.

Esansi siyo kitu kimoja, ni mchanganyiko. Sehemu yake nyepesi, ile yenye kushika moto haraka, inaruka hewani kidogo kidogo hata kama kifuniko kimefungwa. Sehemu yenye inabaki inaungana na hewa na kugeuka kuwa nzito, rangi ya chai, na mwishoni inakuwa kama gundi. Miezi miwili au mitatu, esansi inaanza kuchoka. Mwaka mmoja, haifai tena. Ndani ya rezervuari ni lita nyingi, inavumilia kidogo. Lakini ndani ya kikombe cha karburateri ni kidogo sana, hiyo inakauka yote, na gundi yake inabaki ndani ya matundu madogo kuliko yote ya pikipiki.

Fungeni robine. Chini ya karburateri mutaona skurubu ndogo ya kumwaga. Wekeni chupa nyeupe chini yake, muilegeze. Tazameni kile chenye kinatoka, na munuse. Esansi nzuri inaangaza, na harufu yake inapanda puani kwa nguvu. Iliyooza inanuka kama vernisi ya seremala. Maji yanakaa chini ya chupa kama mapovu ya kioo, hayachanganyiki. Kama hakuna kitu chenye kinatoka, kikombe kilishakauka, na munajua tayari kile chenye mutakuta ndani.

Mwageni esansi yote ya rezervuari ndani ya bidoni, na muandike juu yake MBAYA. Tafazali, wababa: ile bidoni isiingie nyumbani. Mama asiikute akafikiri ni petroli ya taa. Esansi ndani ya taa au ndani ya rishoo haiwaki kama petroli, inalipuka, na watoto ndio wanakuwa karibu. Isimwagwe pia ku mto wala karibu na stasio ya kuosha kahawa. Mpeni fundi wa senta, yeye anaoshea vipande vyake.

Rezervuari ikiwa na kutu ndani, iondoeni, toeni robine na kuziba tundu lake. Wekeni maji ya sabuni na sheni ya zamani ya kinga, yenye mumefunga waya ku mwisho mmoja ili itoke bila kusumbua. Wapeni vijana waitikise. Kazi hiyo wanaipenda. Suuzeni mara tatu au ine, mpaka maji yatoke safi, kaucheni ndani ya jua kabisa, kisha suuzeni mara ya mwisho na esansi kidogo. Oshe pia kachujio ka robine. Na kati ya robine na karburateri, wekeni kafilitre kadogo ka plastiki kenye kuonyesha ndani. Bei yake ni kama soda moja au mbili.

Kufungua karburateri

Hii kazi inaogopesha watu bila sababu. Inaomba turnevisi yenye inaenea kabisa ndani ya kichwa cha skurubu, kitambaa cheupe, na uvumilivu. Turnevisi ndogo inakula kichwa, na skurubu yenye kichwa kimeliwa ndiyo inafanya watu wanunue karburateri mpya.

Ondoeni karburateri ku motere, igeuzeni, fungueni skurubu za kikombe. Kila kitu chenye kinatoka kinawekwa juu ya kitambaa, kwa mstari, vile kilitoka. Mwenye simu apige picha mbele ya kila kipande. Mutaona kiboya, yaani kale kenye kuelea, na chini yake sindano yenye inafunga esansi kikombe kikijaa. Kipini cha kiboya kinatoka upande mmoja tu, msikipige na nyundo.

Katikati kuna jikleri mbili. Jikleri ni skurubu ya shaba yenye tundu katikati. Ndiyo inapima esansi. Kubwa ni ya mwendo wa kasi. Ndogo, yenye inajificha ndani ya shimo, ni ya kuwasha na ya kunguruma pole pole. Ile ndogo ndiyo mgonjwa wetu. Tundu lake ni jembamba sana, gundi kidogo tu inatosha kuliziba. Itoeni, muishike mbele ya jua, muangalie kwa jicho moja. Kama hamuoni duara la mwanga, mumeshapata juu ya nini kiki 30 hazikusaidia.

Ilazeni ndani ya esansi mpya saa kazaa. Kisha pulizeni na pompi ya kinga. Ikikataa, chukueni uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya laini wa umeme, mupitishe pole pole. Musitumie sindano, wala waya ya chuma. Chuma inapanua tundu, na jikleri iliyopanuliwa inakunywa esansi maisha yake yote. Pulizeni pia vijia vyote vyenye mutaona ndani ya mwili wa karburateri, na muhakikishe hewa inatokea upande wa pili.

Kuna skurubu moja ya pembeni yenye resori, ya kupima hewa au mchanganyiko. Mbele ya kuitoa, izungusheni kuelekea ndani taratibu mpaka ikae, mukihesabu: mzunguko mmoja, moja na nusu, mbili. Andikeni ile namba. Wakati wa kurudisha, itelemsheni mpaka ikae bila kukaza, kisha mufungue hesabu ile ile. Mwenye hakuandika atatafuta siku nzima.

Kwa kujaza, sasa esansi mpya, lita mbili au tatu zinatosha. Kama munanunua kwa kadhafi wa kando ya barabara, na wengi wetu hatuna pengine pa kununulia, angalieni chupa mbele ya jua kwanza kwa ajili ya maji. Kisha muangushe tone moja juu ya karatasi nyeupe. Esansi safi inaruka na karatasi inabaki kavu. Kama inabaki alama ya mafuta, walichanganya na petroli au mazuti, na hiyo rudisheni chupa kwa adabu.

Mafuta na pistoni

Fungueni skurubu ya chini ya motere, acheni mafuta ya zamani yatoke, na yaendelee kudondoka usiku mzima. Tazameni rangi. Nyeusi ni kawaida. Rangi ya kahawa ya maziwa maana yake maji yaliingia. Ikiwa hivyo, jazeni mafuta, endesheni motere dakika chache, mwageni, mujaze tena. Inauma mfukoni, lakini ni lita mbili mbele ya motere moja. TVS na Boxer za hapa kwetu zinaomba karibu lita moja ya mafuta ya motere ya pikipiki. Kipimo kamili kimeandikwa ndani ya kitabu chake au kando ya kifuniko. Musipitishe.

Toeni buji. Ndani ya tundu lake tieni kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya motere. Ngojeni, hata saa moja. Sasa sukumeni kiki na mkono, siyo na mguu. Ikitelemka laini, muzuri: endeleeni mara 15 pole pole, kontakti imefungwa na buji iko nje, mafuta yapande mahali pake. Ikikataa, pistoni imeshikwa. Ongezeni mafuta kidogo, muache usiku mmoja au mbili. Kisha wekeni vitesi ya juu kabisa, inueni gurudumu la nyuma, mulitikise kwa mkono mbele na nyuma, kidogo kidogo. Mara nyingi inaachia. Ikikataa baada ya siku tatu, hapo ndipo fundi ana haki ya kufungua motere.

Wenye wangali na Yamaha AG100 za zamani, na miradi mingi iliacha hizo vijijini: ile ni ya 2T. Haina mafuta ya motere chini, iko na mafuta ya vitesi tu, na kirezervuari cha pembeni cha mafuta ya 2T yenye pompi inasukuma. Ikilala muda mrefu, hewa inaweza kuingia ndani ya kamrija ka pompi, motere inawaka vizuri sana, na baada ya kilometre chache inajifunga kwa kukosa mafuta. Kwa hiyo ondoeni hewa ku pompi, na kwa esansi ya kwanza changanyeni ndani ya rezervuari mililita 20 za 2T kwa kila lita moja. Itatoa moshi mwingi, msiogope.

Umeme

Buji: isafisheni na burushi ya waya laini, iwe kavu. Nafasi kati ya meno yake ni karibu milimetre 0,7. Mwenye hana kipimo atumie ubao wa musumeno wa kukata chuma, unene wake unakaribia hapo. Upite kwa kugusa kidogo. Kujua kama umeme unafika, irudisheni ndani ya kofia yake, muiegemeze ku chuma ya motere, mbali na tundu na mbali na esansi, mutu mmoja apige kiki. Cheche ya bluu yenye kupiga kelele ni nzuri. Ya njano yenye kulegea, nunueni buji mpya mbele ya kulaumu kitu kingine.

Batri yenye imelala mwaka mzima mara nyingi imekufa. Pikipiki nyingi zenye kiki zinawaka bila yenyewe, lakini siyo zote. Kama ni ya maji, jazeni maji ya distile peke yake mpaka alama. Hapana maji ya chemchemi, hapana aside.

Isimame mbele ya kukimbia

Pikipiki ya Kalehe ilikuwa na freni ya nyuma yenye ilishika kwa kutu. Kama tungewasha na kuondoka, ingekuwa moja katika mbili: haiendi, au haisimami kwenye mtelemko wa kwanza. Toeni magurudumu, sugueni ngoma na viatu vya freni na karatasi ya msasa, na mufute vumbi yake na kitambaa chenye kuloana. Musipulize kwa mdomo, vumbi ile ni mbaya ku mapafu. Kamba zote, ya freni, ya ambreyaji na ya gazi, zitiwe mafuta mpaka ziteleze. Ya gazi irudi yenyewe ukiiachilia.

Pine: angalieni nyufa za pembeni. Shambreri yenye inapoteza hewa usiku mmoja, badilisheni. Sheni ioshwe na petroli, ipakwe mafuta, na icheze juu chini karibu sentimetre 2 au 3.

Na ambreyaji. Hii watu wanasahau. Plati zake zinagandana wakati wa kulala. Unavuta mkono, unaingiza vitesi ya kwanza, unafikiri umeachilia, kumbe pikipiki inaruka mbele na wewe. Mbele ya kuwasha, ingizeni vitesi ya tatu, vuteni ambreyaji kabisa, mutikise pikipiki mbele na nyuma mpaka musikie imeachia.

Siku ya kiki

Nje, siyo ndani. Moshi wa motere ndani ya chumba kilichofungwa unaua mutu bila kumwamsha, na depo nyingi zina zamu mwenye kulala mle. Fungueni robine, ngojeni dakika mbili kikombe kijae, muangalie kama hakuna kuvuja. Vuteni starteri. Kontakti. Kiki, bila gazi. Tatu, ine, tano. Ikiwaka, msipige gazi kwa furaha. Acheni ingurume pole pole dakika tatu mpaka tano, mkirudisha starteri kidogo kidogo. Moshi wa bluu wa mwanzo ni yale mafuta mulitia ndani ya silinda, utaisha.

Mzunguko wa kwanza uwe mahali tambarare, bila mzigo, bila abiria, freni zikijaribiwa kila hatua. Kama inakwenda vizuri kilometre moja kisha inazimika, fungueni kifuniko cha rezervuari. Mukisikia "fyuu", hewa ilikuwa haiingii: katundu ka kifuniko kamezibwa na udongo. Nimeona watu wakifungua karburateri mara tatu kwa sababu ya katundu kale.

Kule Kalehe, ndiyo hii tulikuta: kiota cha panya ndani ya filitre, jikleri ndogo imezibwa, buji imechoka, freni ya nyuma imeshikwa, shambreri moja imeoza. Karburateri ilikuwa nzima. Motere ilikuwa nzima. Vitu vyote vyenye tulinunua, na mafuta na esansi ndani, havikufika dola 30. Iliwaka ku kiki ya sita. Yule muzee wa "vipande" ndiye aliomba kupanda wa kwanza, Mama Prezida akamwambia asubiri kwanza freni. Sisemi kama fundi yule ni mwizi. Alikuja na turnevisi moja, akapewa saa moja, na watu kumi walikuwa wanamtazama. Komite ikimwita fundi, imwombe aonyeshe kile kipande kibaya mkononi, mbele ya jua, kabla ya kulipa.

Mbele ya kutoka barabarani, angalieni pia karatasi: asiransi na vinyeti vilikufa pia wakati pikipiki imelala, na polisi wa barabara haulizi kama jikleri iko safi.

Ikibidi kuilaza tena

Kama munajua haitatembea miezi mitatu, fungeni robine wakati motere inanguruma, muiache izime yenyewe kwa kukosa esansi, kisha mumwage tone la mwisho ku skurubu ya kikombe. Mwageni rezervuari, tieni mafuta kidogo ya motere ndani, mutikise ili yapake chuma yote. Kijiko kimoja ndani ya tundu la buji, zungusheni kiki na mkono, rudisheni buji. Batri itoke, ikae mahali pakavu. Wekeni pikipiki juu ya miti miwili, pine zisiguse chini, chini ya manjanja, lakini mbali na kahawa.

Zibeni bomba ya moshi na mdomo wa filitre na vitambaa vyekundu, vyenye vinaning'inia nje, mwenye kurudi avione. Na ku gidoni fungeni kipande cha karato chenye sekreteri ameandika: tarehe ya kuilaza, kilometre, esansi imetolewa, mafuta yako ndani ya silinda, vitambaa viwili, jina la mwenye alifanya kazi.